Dakika Moja ya Kumsikiliza Mtoto Akisoma

Wazazi na viongozi, katika shule za Kamina mtoto aliyekimbia kwao huketi pamoja na watoto wenyeji. Mwalimu atajuaje aanze naye wapi? Umri peke yake hautoshi, kwa kuwa huenda vita vilimkatiza masomo. Njia moja ni kipimo kiitwacho EGRA, ambacho kimetumika Kongo na katika nchi nyingine nyingi.

Mwalimu humwita mtoto peke yake, humpa hadithi fupi asiyoijua, naye huisoma kwa sauti kwa dakika 1. Kila neno lililokosewa hutiwa alama. Mtoto akifika neno la 38 huku amekosea 6, amesoma sawasawa maneno 32. Kisha huulizwa maswali juu ya hadithi, maana kusoma mbio bila kuelewa hakumfai. Lafudhi ya Kiluba si kosa.

Lugha nayo ina uzito. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika shule za msingi. Tukimpima kwa Kifaransa mtoto asiyekijua, hatujui bado kama anaweza kusoma.

Kwa hiyo tunawaomba mulizeni mwalimu: mtoto amepimwa kwa lugha gani, na atasaidiwaje? Tena alama zisitangazwe mbele ya wote. Kuwashindanisha wenyeji na wahamaji huleta dharau, na dharau huzaa ugomvi. Kipimo ni cha kumwinua mtoto, si cha kumwaibisha.