Akili Mnemba na Usugu wa Vimelea: Dawa ni Amana Tuliyokabidhiwa

Mtoto anapougua homa ya mapafu, mama humpeleka zahanati akitumaini kwamba dawa itamponya. Tumaini hilo sasa linatikisika. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba, mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 walifariki dunia kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa. Kiwango kikubwa zaidi cha vifo kilikuwa Afrika, Kusini mwa Jangwa la Sahara.

Usugu huzaliwaje? Antibaiotiki ikitumiwa pasipo ulazima au kwa kipimo pungufu, huwaua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu waongezeke. Ndivyo ilivyo pia kwa kuku wanaolishwa dawa ili wakue haraka: kinyesi chao hupeleka bakteria sugu shambani na mtoni, nao huturudia kwa njia ya maji na chakula. Kwa sababu hiyo wataalamu husema Afya Moja, yaani ya binadamu, wanyama na mazingira. Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha vivyo hivyo kwamba viumbe vyote vinahusiana katika nyumba yetu ya pamoja.

Akili mnemba inasaidia kwanza katika maabara. Ili kujua dawa ifaayo, mtaalamu huotesha bakteria wa mgonjwa katika kisahani, huweka juu yake vipande vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, kisha hupima duara ambamo bakteria wameshindwa kuota. Ujuzi wa kusoma matokeo hayo ni haba katika hospitali nyingi za pembezoni. Mfuko wa Madaktari Wasio na Mipaka umetengeneza programu ya simu iitwayo Antibiogo: fundi hupiga picha ya kisahani, nayo humsaidia kupima na kutafsiri.

Pili, inasaidia kutafuta dawa mpya. Mwaka 2020, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walitangaza kwamba kompyuta iliyofundishwa kutambua kemikali zinazozuia bakteria iliwaonesha halicin, iliyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari. Iliponya panya wenye maambukizi sugu, lakini bado haijawa tiba ya binadamu.

Tatu, inaweza kuunganisha taarifa za hospitali, mifugo na maji, ili usugu ugunduliwe mapema. Hata hivyo, huona tu kilichoandikwa. Kijiji kisicho na maabara hakionekani, na maskini wake husahaulika. Hati ya Vatican Antiqua et nova, ya Januari 2025, inatukumbusha kwamba teknolojia hii ni chombo cha kumtumikia mwanadamu, na wajibu wa maamuzi hubaki kwake.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kuipokea dawa kama zawadi ya Mungu. Basi tusinunue antibaiotiki bila cheti cha tabibu, wala tusigawane dawa zilizobaki. Tunawe mikono, tuwapeleke watoto kupata chanjo. Tunaofuga tumwite daktari wa mifugo, na tusiuze maziwa wala mayai kabla ya siku alizotuagiza kwisha. Kompyuta haiwezi kutufanyia hayo.