Injini Iliyogonga na Hesabu Isiyofundishwa

Kuna swali ambalo halijapata kutokea katika mtihani wowote wa taifa, lakini hapa Mombasa huulizwa kila wiki, na jawabu lake huamua mtoto yupi atarudi shuleni muhula ujao na yupi atabaki barazani. Injini ya lori imeharibika. Je, itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya mafundi peke yao. Toka Kilindini na maghala ya Shimanzi mpaka Kibarani na Changamwe, riziki ya watu wengi wa kisiwa hiki imo juu ya magurudumu. Na tangu treni za mizigo za reli mpya zilipoanza kazi Januari 2018, mwenye lori moja amekuwa kama nahodha asiyejua pepo za kesho. Mwaka 2019 serikali iliamuru shehena ya bara ipite relini, watu wakaandamana katika barabara za Mombasa, na mwaka 2022 amri hiyo ikaondolewa. Kwa hivyo anayetoa fedha kwa ajili ya injini hanunui chuma tu. Anaweka dau juu ya mzigo ambao hajauona.

Jirani yangu wa Kibokoni ana Fuso moja ya silinda sita, na watoto wawili wa sekondari wanaosomeshwa na Fuso hiyo. Safari moja mpira wa maji ulipasuka upande wa Mariakani, kwenye mwinuko. Geji ya joto ilikuwa imekufa zamani. Dereva alikwenda mpaka injini ikaanza kugonga, kisha ikanyamaza. Lori likavutwa hadi karakana moja huku kisiwani, na fundi, baada ya kulizunguka mara moja na kuchomoa kijiti cha oili, akatoa hukumu: "Bwana, hii imekwisha. Tafuta injini ya Dubai." Baada ya sala ya magharibi jirani alinijia barazani akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwamba hesabu haipigwi juu ya kitu kisichopimwa. Injini ilikuwa bado haijafunguliwa! Tukamwendea mzee mmoja wa Kuze, fundi aliyeanza kazi kwa injini za majahazi katika Bandari ya Kale, mtu wa maneno machache, mwenye maikromita aliyoifunga katika kitambaa cha kanga.

Mzee huyo alitufundisha mambo ambayo ningependa kila mwalimu wa sayansi ayasikie. Injini ikikosa maji, hedi hupinda, gasketi huungua, pistoni hukwaruza silinda, na oili huwa nyepesi hata isiweze tena kuzitenga beringi na krenki. Ule mgongo unaosikika ni chuma kinachopiga chuma kingine. Lakini mengi katika hayo yana dawa. Hedi iliyopinda kidogo husawazishwa kwa mashine. Laina za silinda hutolewa zikatiwa nyingine. Krenki huchongwa, na viwango vyake vinajulikana dunia nzima: milimita 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75, na hatimaye 1.00, kila kiwango kina beringi zake nene zaidi za kuijaza nafasi iliyopungua. Ugonjwa unaoogopwa ni ufa katika bloku yenyewe. Chuma cha kusubu hakipendi kuchomelewa, kwani joto la kulehemu huweza kuzaa ufa mwingine ubavuni mwa ule wa kwanza.

Wenyeji wa Mji wa Kale watalielewa jambo hili bila fundi. Boriti ikioza katika nyumba ya mawe ya matumbawe, hutolewa ikatiwa nyingine, na nyumba ikaendelea kuitwa nyumba ya babu. Ukuta wenyewe ukiliwa na chumvi hadi ndani, chokaa juu yake ni kujidanganya. (Najua nyumba mbili zinazojidanganya hivyo hadi leo, lakini sitazitaja, maana wenyewe ni majirani.)

Vipimo vikatoka. Bloku haikuwa na ufa. Krenki ilihitaji kuchongwa hadi 0.50. Hedi ilikuwa imepinda kwa kiasi cha kutibika. Hapo ndipo hesabu ilipoweza kuanza, na nitaieleza kwa tarakimu za darasani, si bei za sokoni, ili wanafunzi waifuate.

Tuseme matengenezo kamili yagharimu shilingi 360,000 na yatoe kilomita 120,000. Hizo ni shilingi 3 kwa kila kilomita. Tuseme injini ya mtumba igharimu 300,000. Ikiwa nzima, itakwenda kilomita 150,000, yaani shilingi 2 kwa kilomita. Ikiwa imechoka, itakufa kwenye 50,000, nayo ni shilingi 6. Bahati zikiwa sawa kwa sawa, wastani ni kilomita 100,000, na gharama inarudi kuwa shilingi 3. Kwa mujibu wa wastani, basi, mtumba na matengenezo ni ndugu mapacha.

Lakini nani hula wastani? Tajiri mwenye malori ishirini huula. Akinunua injini ishirini, mbovu zitafidiwa na nzima. Mwenye lori moja hununua moja, naye hupata ama ile nzima ama ile mbovu. Hapati ya katikati. Ikiwa mbovu, hana fedha za tatu, na karo ndiyo itakayoliwa. Ushauri ule ule, kwa bei ile ile, ni wa busara kwa mmoja na ni hatari kwa mwingine. Hili sijaliona likisisitizwa katika kitabu chochote cha hisabati nilichopata kukifundishia.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Mtumba hufungwa kwa siku chache, hali ovahoo huweza kuchukua wiki tatu. Tukisema siku 17 za ziada zinapotea, na kila siku lori huingiza faida ya shilingi 5,000, hizo ni 85,000 za kuongezwa katika matengenezo, na kilomita moja inafika karibu shilingi 3.70. Mwenye mkopo wa benki asiidharau tofauti hiyo. Kwa upande mwingine, mtumba una safari yake ya ofisini, kwa kuwa namba ya injini imo katika hati ya gari na mabadiliko lazima yasajiliwe na mamlaka ya usafiri, NTSA. Na muuzaji wa mtumba mara nyingi huahidi kwamba itawaka tu; haahidi kwamba itafika Voi.

Kuna mtego mmoja nilioutilia mkazo kwa jirani yangu. Mwaka uliotangulia alikuwa amebadilisha pampu ya dizeli kwa fedha nyingi, naye akawa akirudia, "Siwezi kuiacha injini niliyoigharimia vile." Fedha ile ilikwisha kwenda. Haikufaa kuhesabiwa upande wowote, isipokuwa pampu yenyewe ingali nzima na ina thamani yake.

Ninalolilalamikia ni hili. Kule Tudor tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013, na vijana wake hushika maikromita. Katika karakana za jua kali wapo wanaotoa hukumu ya laki tatu bila kuigusa. Kati ya hao wawili ameachwa mwenye lori, ambaye hajui hata kwamba ana haki ya kusema, "Ifungue kwanza, nipimie, niandikie."

Jirani alichagua matengenezo. Mzee wa Kuze alimwandikia vipimo vyote juu ya kipande cha boksi, silinda kwa silinda, akampa avitunze pamoja na hati ya gari. Krenki ilipelekwa kuchongwa, na pesa zilizopungua zikatoka katika chama cha mkewe, kwa sharti la mama huyo: geji mpya ya joto itiwe kabla lori halijavuka daraja la Makupa, na dereva aoneshwe mbele yake jinsi ya kuisoma.