Ligi ya Daftari: Mchezo wa Mpira kwa Watoto Wetu Bila Kamari

Jioni moja baada ya sala ya alasiri, nilipokuwa nikipanga misahafu katika darasa la madrasa yetu hapa Tanga, niliona daftari la hesabu limesukumwa chini ya mkeka wa kukalia. Nililifungua nikitaraji kukuta hesabu za kujumlisha. Nilikuta mkeka wa aina nyingine. Mechi za mwisho wa wiki zilikuwa zimeorodheshwa kwa mwandiko mzuri wa kitoto, na pembeni yake majina ya wavulana sita, kila mmoja na shilingi 200 zake. Chini kabisa palikuwa na jumla, 1,200, na maneno matatu: mshindi anachukua zote.

Mwenye daftari alikuwa na umri wa miaka tisa. Nilimwita, nikamkemea mbele ya wenzake, na kwa hasira nikalichana lile karatasi. Hakulia. Aliniangalia, kisha akaniuliza kwa adabu: "Ustadh, kwani kilicho haramu ni mpira au ni hela?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri kwamba nililolifanya halikuwa la mwalimu. Fedha zilirudishwa kwa wenyewe siku ile ile, lakini swali lilibaki. Nililipeleka kwa imamu wetu, nikitaraji ataamuru watoto waadhibiwe. Yeye alinikumbusha kwamba kalamu haijaanza kumwandikia mtoto asiyebaleghe, kisha akasema: "Wenye kuulizwa ni sisi. Mtoto huyu amejifunza wapi kupanga mkeka?"

Ndugu msomaji, jibu la swali hilo sote tunalo. Amejifunza kwa kaka yake, kibarazani. Amejifunza kwenye televisheni, katika matangazo yanayokatiza mechi, na kwenye jezi zenye majina ya makampuni ya kubashiri. Sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini haimfumbi macho mtoto wa miaka tisa asione. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuyaondoa majina ya makampuni hayo sehemu ya mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Ikiwa wao wamehisi kwamba jambo limezidi, itakuwaje kwetu sisi tulioharamishiwa?

Kamari huanzia wapi?

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Allah (S.W.) ameitaja kamari pamoja na ulevi, akaihesabu kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, na akabainisha madhara yake: hutia uadui na chuki baina ya watu, na huwazuia na kumkumbuka Mola wao na kusali. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), mtu anayemwambia mwenzake tu waje wacheze kamari ameelekezwa atoe sadaka. Kutamka kwenyewe kumehesabiwa kuwa ni kosa linalohitaji kufutwa.

Lakini mchezo kwa asili yake haukuharamishwa. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.), kama alivyopokea Abu Daud, na Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini naye akiwatazama. Wanachuoni wa fiqhi wameueleza mpaka ulipo: mchezo huwa kamari pale kila mshiriki anapotoa kitu chake, naye akawa baina ya mawili, ama achukue cha mwenzake ama apoteze chake. Basi jibu la yule mtoto lilikuwa hili: si mpira, mwanangu, ni zile shilingi 200.

Baada ya kulifahamu hilo, nilipendekeza kwa kamati jambo ambalo wazee wengine walilistaajabia: tuwaanzishie watoto ligi ya kubuni, isiyotiwa hata senti moja.

Ligi ya namna hii si jambo jipya. Ile inayojulikana zaidi duniani huendeshwa na Ligi Kuu ya Uingereza tangu mwaka 2002, na mamilioni ya watu huicheza kwa simu. Mshiriki hupewa fedha za kubuni, pauni milioni 100, akachagua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Wachezaji hao wanapofanya vizuri katika mechi za kweli, yeye huvuna pointi. Kujiunga na mchezo huo ni bure. Kasoro huja pale watu wa ofisi moja au wa kijiwe kimoja wanapoanzisha ligi yao ndogo ya michango, wakachangishana kisha mshindi akazoa. Hapo mpaka umekwisha kuvukwa, hata kama mchango umeitwa jina zuri kiasi gani.

Kanuni zetu

Sisi tuliamua kutumia daftari badala ya simu. Simu inayomwonyesha mtoto matokeo ya mechi humwonyesha pia tangazo la kubashiri. Daftari halina tangazo. Tulichagua Ligi Kuu ya Tanzania Bara, yenye timu 16, kwa sababu matokeo yake husomwa redioni na magazetini, na kwa sababu watoto wa Tanga wana Coastal Union yao, bingwa wa mwaka 1988, ambayo babu zao bado wanaisimulia. Mzazi au mwalimu anayetaka kuanzisha ligi kama hii anaweza kufuata utaratibu wetu.

Kwanza, watoto hupangwa wawili wawili, mkubwa na mdogo, wavulana kwa wavulana na mabinti kwa mabinti. Mwenye miaka saba asiyejua kutoa hujifunza kwa mwenye miaka kumi na moja, na hapana anayeshindwa peke yake.

Pili, kila jozi huchagua wachezaji sita: mlinda mlango mmoja, mabeki wawili, viungo wawili na mshambuliaji mmoja. Kumi na tano ni wengi mno kwa watoto wadogo.

Tatu, kila jozi hupewa tende 45 za kwenye karatasi. Mwalimu huandaa orodha ya wachezaji na bei zao, kuanzia tende 4 hadi 12. Tuliwaeleza watoto kwamba bei ni ya nafasi katika daftari, si ya mwanadamu. Siku ya kwanza kila jozi ilitaka nyota watatu wa tende 12. Hao ni tende 36. Zinabaki 9 kwa ajili ya wachezaji watatu, na wachezaji watatu wa bei ya chini kabisa ni tende 12. Hesabu inakataa. Nimewahi kutoa darsa juu ya kukinai mara nyingi, lakini sijaona darsa lililowaingia watoto kama hesabu hiyo.

Nne, hairuhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji wawili kutoka klabu moja, hivyo kila daftari huwa na klabu tatu au zaidi. Kanuni hii tuliiweka kwa makusudi. Wapo watoto wa Simba ambao walikuwa hawataki hata kulitaja jina la Yanga, na wa Yanga vivyo hivyo. Sasa mtoto hulazimika kukiri kwamba yule beki wa upande wa pili ni hodari, na humwombea heri wiki nzima.

Tano, pointi ni chache na nyepesi. Goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Mlinda mlango au beki ambaye timu yake haikufungwa hupata 4. Kadi ya njano huondoa 1, nyekundu huondoa 3. Kila jozi humteua nahodha mmoja, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili. Kwa mfano: mlinda mlango hakufungwa, 4, beki wa kwanza hakufungwa lakini ana kadi ya njano, 3, beki wa pili timu yake ilifungwa, 0, kiungo ambaye ni nahodha alifunga goli moja, 10, kiungo wa pili hakufunga, 0, mshambuliaji alifunga mawili, 8. Jumla ni 25.

Sita, wiki yetu huanza Alhamisi na kuishia Jumanne. Jumatano baada ya alasiri tunahesabu kwa nusu saa, kisha kila jozi inaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja tu. Mechi ikiahirishwa, hakuna pointi wala malalamiko. Mtoto hahitaji kutazama mechi yoyote, wala kukesha, wala kuikosa jamaa ya isha. Ligi nzima ni wiki nane, isije ikawachosha au ikawateka.

Saba, jozi haijihesabii yenyewe. Jozi moja huhesabu ya mwenzake, na ya tatu hukagua na kutia saini. Tuliwaambia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana na kushuhudia, na kwamba uadilifu huanzia kwenye mambo madogo. Katika wiki ya tatu mtoto mmoja alinyoosha mkono kusema kwamba wenzake wamemzidishia pointi 4 kwa makosa. Alishuka kutoka nafasi ya pili hadi ya tano. Nilimwona amekasirika, lakini alisema.

Mambo tuliyoyakataa

Mwalimu mwenzetu mmoja alishauri watoto waongezewe pointi kwa kuhifadhi sura na kuhudhuria sala ya jamaa. Nia yake ilikuwa njema, lakini hatukukubali. Sala inasaliwa kwa ajili ya Allah. Mtoto anayesali ili beki wake apate pointi tumemfundisha kufanya biashara na ibada, na ligi itakapokwisha huenda na sala ikaisha.

Kadhalika tulikataa zawadi kwa mshindi. Hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai imeruhusu zawadi katika mashindano ya mishale, ngamia na farasi, na wanachuoni wamehitilafiana kuhusu yasiyotajwa humo. Tuliona kwa watoto ni salama zaidi kujiepusha. Mwishoni watoto wote walikula sinia za pilau pamoja, wa kwanza na wa mwisho, kwa gharama ya wazazi wawili waliojitolea. Mfuko wa msikiti haukuguswa, kwani waliotoa sadaka zao hawakuzitoa kwa ajili ya mpira.

Walioongoza walikuwa mabinti wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine kumi. Wakati wavulana wakikimbilia wafungaji, wao walimaliza tende zao kwa mlinda mlango na mabeki wa timu ambazo hazifungwi ovyo. Nilipowauliza siri yao, mdogo alijibu: "Ustadh, kufunga ni bahati, kulinda ni kila siku."

Bado tuna mashaka

Nisingependa msomaji adhani kwamba jambo hili limekwenda bila doa. Mzee mmoja katika kamati alipinga tangu mwanzo. Kwake, hata bila fedha, tunamzoesha mtoto kuishi akisubiri matokeo ya watu wengine, na mazoea hayo ndiyo mlango ambao kamari hupitia. Hoja yake sikuweza kuipuuza, na wiki ya sita ilipata nguvu. Mama mmoja alituarifu kwamba vijana wa kibarazani walikuwa wakimwita mwanawe na kumtaka awaonyeshe jedwali letu, wapate kujua nani yuko katika hali nzuri, kisha wakapange mikeka yao. Kazi ya watoto ilikuwa karibu kuwa nyenzo ya haramu.

Tangu siku ile madaftari hufungiwa katika kabati la madrasa, na hayatoki mpaka Jumatano. Lakini kufuli hilo si dawa. Wale vijana ni kaka za watoto hawa hawa. Walipita katika darasa hili hili, na walipokuwa na miaka tisa hakuna aliyewaonyesha mpaka ulipo. Tuliwakataza kwa ujumla, wakakubali kwa ujumla, na walipotoka nje walikuta wengine wenye subira zaidi wakiwasubiri.

Kwa hiyo, wazazi na walezi, tunapomkuta mtoto na daftari kama lile nililolikuta mimi, tusianze kwa kulichana. Tumkalishe, tumwonyeshe kwa kidole ni kipi hasa kilicho haramu, na kwa nini, kisha tumpe mbadala wa halali tukiwa naye. Mtoto aliyekatazwa mpira pamoja na kamari atakuja kuvichukua vyote viwili pamoja. Aliyefundishwa kuvitenganisha ana silaha.

Kamati yetu itakutana baada ya msimu kuamua kama ligi ya daftari itaendelea, na yule mzee amekwisha kusema kwamba atapinga tena. Ni haki yake, na tutamsikiliza. Ama yule mvulana wa shilingi 200, yeye ndiye mtunza jedwali. Mwandiko wake bado ni mzuri. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kabla ya jina la timu yoyote, ameandika mwenyewe bila kuambiwa: hapa hakuna hela.

Wabillahi tawfiq.