Cheti Kimoja, Vijiji Vingi

Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia kwenye cheti cha FSC, baraza la kimataifa ambalo viwango vyake hutumika kuthibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuteketezwa. Vilikuwa miongoni mwa vya kwanza Afrika kupata hadhi hiyo kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mwenye cheti ni MCDI, shirika lenye makao Kilwa Masoko. Vijiji ni wanachama, na vingine vilijiunga baadaye, Nanjirinji kikiwamo.

Muundo huo una nguvu kubwa. Mkaguzi hafiki kila kijiji. Huchagua vichache, na kosa kubwa likionekana, cheti cha wote kinaweza kuingia hatarini. Basi kamati ya maliasili ya kijiji kimoja ina kila sababu ya kujali namna jirani anavyojaza daftari la magogo.

Ila kujali hakutoshi; ujuzi wenyewe nao lazima uhame kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka 1996 mtafiti Gabriel Szulanski alichapisha uchunguzi wa matukio 122 ya kuhamisha mbinu bora kati ya vitengo ndani ya makampuni manane. Wengi tungedhani ujuzi hukwamishwa na uchoyo. Yeye alikuta vikwazo vikubwa zaidi ni kwamba mpokeaji hana msingi wa kuupokelea, sababu za mbinu kufanikiwa hazieleweki vizuri, na uhusiano wa pande mbili ni mgumu.

Mpingo, mti unaovunwa katika misitu hii, unaonyesha hilo waziwazi. Shina lake hupinda na kuwa na mifereji, na mti unaoonekana mzima unaweza kuwa umeoza kiini. Kupima kipenyo kwenye usawa wa kifua kunaandikika katika mwongozo, ukurasa mmoja ukatosha. Kutambua mti utakaotoa mbao safi ya klarineti ni kazi nyingine: jicho hufunzwa porini, mti kwa mti, ukiwa na mtu aliyekwisha kuangusha mibovu na kuona ndani yake.

Kwa sababu hiyo napinga ziara ya mafunzo inayowabeba mwenyekiti na mtendaji peke yao, wakasikiliza taarifa chini ya mwembe na kurudi jioni. Apelekwe mpimaji wa kamati, alale kwa wenyeji, ashike utepe yeye mwenyewe. Kisha bajeti iweke nauli ya safari ya pili, ya mwenyeji wake kwenda kumwona akipima katika msitu wa kijiji chake.