Mistari Mingi Katika Grafu Moja: Mizani, Mchi na Mhakiki

Neno "grafu" likitajwa mbele ya wanafunzi wa fasihi, wengi hucheka na kusema hayo ni mambo ya watu wa uchumi. Sikubaliani nao. Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi ya kuchora mifululizo kadhaa ya takwimu ndani ya grafu moja kwa kutumia kompyuta, na kwa nini jambo hilo linamhusu mhakiki wa ushairi. Mifano yangu ni shairi la kimapokeo na wimbo wa kutwanga wa Kinyaturu niliourekodi nyumbani kwetu Sepuka, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1786 William Playfair alichapa huko London kitabu chenye grafu zilizoweka bidhaa zilizoingia Uingereza na zilizotoka humo, mistari miwili katika fremu moja, ili msomaji aone pengo kati yao. Wazo lote liko hapo: mistari inawekwa pamoja kwa sababu kinachosema ni uhusiano wake. Katika fasihi, Franco Moretti alifanya hivyo katika kitabu chake cha 2005, alipoweka ukuaji wa riwaya wa Uingereza, Japani, Italia, Hispania na Nijeria katika grafu moja. Wapo waliomshangilia na wapo waliosema ameua fasihi kwa namba.

Sasa tuje kwetu. Tangu Amri Abedi atoe kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, mwanafunzi wa ushairi amefundishwa kuhesabu mizani. Kuhesabu si ugeni wa Kizungu, bwana! Kila mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Kipande cha utenzi kina 8. Ukizichora hesabu hizo, mshororo wa kwanza hadi wa mwisho ukiwa kwenye mhimili wa mlalo na mizani kwenye mhimili wa wima, shairi linakupa mstari ulionyooka kama rula. Msuko wa 16, 16, 16, 8 unashuka ghafla kila mwisho wa ubeti, halafu unapanda tena. Shairi huru, kama yale ya Kezilahabi katika Kichomi (1974), linapanda na kushuka bila kukuaga. Ule ugomvi wa miaka ya sabini, nani mshairi na nani si mshairi, unaweza kuuona kwa jicho moja.

Programu ninayotumia inaitwa R. Iliundwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na haiuzwi. Yeyote anaichukua bure. Kwa mwanafunzi asiye na fedha hilo si dogo. Amri ya "plot" huchora mfululizo wa kwanza, na amri ya "lines" huongeza mwingine juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokwama. "Plot" hupima fremu kwa kuangalia mfululizo wa kwanza tu. Ukianza na utenzi wenye 8, kisha ukaongeza shairi lenye 16, mstari wa shairi utaangukia nje ya fremu, na mashine haitakuambia kitu. Wewe utadhani shairi halikusomwa, kumbe liko juu ya dari! Dawa yake ni kuiambia mashine mapema, kwa "ylim", kwamba mhimili wa wima uanzie 0 ufike 20. Au upange takwimu zako katika jedwali, kila shairi na safu yake, kisha utumie "matplot", ambayo hutazama safu zote kabla ya kukata fremu.

Jedwali nalo lina mtego. Mashairi hayalingani urefu. Shairi la mishororo 12 likikaa kando ya la mishororo 20, nafasi 8 zitabaki tupu. Usijaze sifuri. Sifuri inasema kwamba upo mshororo usio na mizani hata moja, na mstari wako utaporomoka hadi chini kama mtu aliyeanguka kisimani. Andika NA, yaani hakuna kitu, na mstari utakoma pale shairi linapokoma.

Mtego mwingine ni wa kufunikana. Nilipochora ukwapi na utao kama mifululizo miwili, niliona mstari mmoja tu. Si ajabu: yote ni 8, kwa hiyo wa pili umelala juu ya wa kwanza. Msomaji asiyejua ataona utao peke yake. Tumia alama tofauti, duara kubwa tupu kwa mmoja na nukta ndogo kwa mwingine, ili nukta ikae ndani ya duara. Rangi usizitegemee sana, maana majarida yetu hutolewa fotokopi na nyekundu na bluu zote hugeuka kijivu. Mstari mzima, wa vistari na wa nukta nukta ndiyo salama. Na ufunguo wa kusema upi ni upi lazima uuandike mwenyewe kwa "legend", R haikuwekei.

Nirudi Sepuka. Katika mjadala mmoja wa darasani nilisikia hoja kwamba nyimbo za makabila ya bara hazina umbo, eti ukihesabu mizani yake unapata vurugu. Hoja hiyo ina grafu nyuma yake, hata kama msemaji hakuichora: mfululizo mmoja, wa mizani. Na kwa mfululizo huo ni kweli. Wimbo wangu wa kutwanga ukiuchora hivyo unafanana na vilima.

Lakini wimbo huo hauimbwi mezani. Unaimbwa kwenye kinu, uwele ukiwa ndani, na mchi unapiga. Nikarudia kusikiliza, safari hii nikihesabu mapigo ya mchi katika kila mstari, nikauweka huo kuwa mfululizo wa pili. Mstari wa mchi ukanyooka. Chukua mfano wa kubuni: mistari minne yenye mizani 7, 11, 9 na 13, yote juu ya mapigo 4. Mwimbaji huvuta silabi pale maneno yanapopungua na huzibana pale yanapozidi. Umbo lipo, ila linakaa mkononi! Na Kinyaturu ni lugha ya toni, jambo ambalo Kiswahili hakina. Pengine mfululizo wa tatu ungekuwa wa toni, ila huo unahitaji sikio lililofunzwa kuliko langu.

Hapa mtu atashawishika kuweka mihimili miwili ya wima, mizani kushoto na mapigo kulia. Mimi naikataa njia hiyo. Ukiwa na mihimili miwili unaweza kuifanya mistari ikutane popote unapotaka; ukinyoosha wa kulia tu, pigo moja la ziada linaonekana mlima. Heri fremu mbili, moja juu ya nyingine, zikitumia mhimili mmoja wa mlalo. Jicho litashuka lenyewe kutoka vilima vya juu hadi uwanda wa chini.

Kisha kuna huo mstari wenyewe unaounganisha nukta. Kati ya mshororo wa 2 na wa 3 hakuna mshororo wa 2.5. Kamba hiyo ni ya kulisaidia jicho tu, haina takwimu ndani yake. Ninapochora nyimbo siku hizi ninaacha nukta bila kamba kwa mizani, na kamba ninaibakiza kwa mchi, kwa sababu mchi haupumziki kati ya mstari na mstari.