Diski Nzima, Kisanduku Kimekufa: Umuhimu wa Kihifadhi Data cha Akiba

Mkulima wa majani chai anajua hasara ya mizani kuharibika saa nane mchana. Majani yamekwisha chumwa, na hayangoji. Kituo chenye mizani ya pili huendelea kupima. Kisicho nayo huacha majani yakinyauka huku watu wakipiga simu kutafuta fundi.

Hali kama hiyo inaweza kuikabili afisi yoyote ndogo hapa Kapkatet, Litein au Cheplanget: shule, kliniki ya kibinafsi, chama cha akiba na mikopo, hata studio ya picha. Baadhi ya afisi hizi hutumia kihifadhi data cha mtandao. Hiki ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi, kilichounganishwa na ruta kwa waya, ili tarakilishi zote za afisi zitumie faili zilizo mahali pamoja. Siku kinapokufa, karani hawezi kumwambia mwanachama ana akiba ya kiasi gani, na daktari hawezi kuona mgonjwa alipewa dawa gani mwezi jana.

Diski mbili, kisanduku kimoja

Vihifadhi vingi vya diski mbili huandika kila faili kwenye diski zote mbili, kwa mpango uitwao RAID. Diski moja ikifa, nyingine huendelea na kazi, nawe unaweka mpya bila kupoteza kitu. Ndiyo sababu wengi huamini wamejikinga vya kutosha.

Lakini diski zote mbili hutegemea ubao mmoja wa elektroniki na adapta moja ya stima. Ubao ukiungua, data bado imo kwenye diski, ila huna njia ya kuifikia. Ukizichomeka diski hizo kwenye tarakilishi ya kawaida ya Windows, kwa kawaida haitazisoma. Huenda hata ikakuuliza kama unataka kuzifomati. Ukikubali, data yako iko hatarini.

Si jambo la kubuni. Mwaka 2017 ilibainika kwamba chipu za Intel za aina ya Atom C2000, zilizotumika ndani ya vihifadhi data na ruta za kampuni mbalimbali, zilikuwa na kasoro iliyoweza kukizima kifaa kabisa baada ya takriban mwaka mmoja na nusu wa kazi. Diski hazikuwa na kosa lolote. Kwetu kuna hatari nyingine zaidi: eneo la Kericho linajulikana kwa radi na mvua ya mawe, na stima inayokatika na kurudi kwa nguvu huchosha vifaa.

Anza na kilicho rahisi

Kifaa kikizima, usifikirie ubao kwanza. Mara nyingi ni adapta iliyokufa, nayo bei yake ni ndogo ikilinganishwa na kisanduku. Nunua adapta ya akiba leo. Volti zake ziwe sawa kabisa na zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na ampia zisipungue. Weka pia diski moja ya akiba yenye ukubwa sawa au zaidi.

Kisha, kama kazi yako haiwezi kusimama kwa wiki nzima ukingoja kifaa kutoka Nairobi, tafuta kisanduku cha pili kisicho na diski, cha kampuni na modeli ile ile. Kilichotumika lakini kizima kinafaa. Kitayarishe hivi:

1. Kiwashe kwa diski ya majaribio isiyo na kitu muhimu, na uweke toleo la programu linalolingana na la kifaa kinachofanya kazi.

2. Kwenye kifaa kinachofanya kazi, hifadhi nakala ya mipangilio. Nywila, na ufunguo wa usimbaji kama diski zimefungwa kwa siri, uviweke mahali salama nje ya kifaa. Bila ufunguo huo, kisanduku cha akiba hakitakusaidia.

3. Kifaa kikiwa kizima, bandika namba kwenye kila diski kulingana na nafasi yake. Wakati wa kuhamisha, diski ya kwanza irudi nafasi ya kwanza.

4. Kihifadhi cha akiba kikae kimechomolewa kwenye stima, mahali pakavu, mbali na kile kinachotumika. Radi moja isiviue vyote viwili.

5. Kila baada ya miezi mitatu kiwashe, sasisha programu, kisha ukizime. Akiba isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Siku ya kuhamisha diski, soma kila swali kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Chagua kuhamisha, usichague kusakinisha upya kwa kufuta. Na kama kifaa kilipigwa na radi au kilitoa moshi, usiharakishe: diski zenyewe huenda zimedhurika. Mwite fundi kwanza.

Kwa wasiomudu peke yao

Afisi tatu za jirani zinaweza kununua modeli moja, kisha zikachangia kisanduku kimoja cha akiba. Andikeni makubaliano: kinakaa kwa nani, nani hukijaribu, na aliyekitumia atakinunulia mbadala ndani ya siku ngapi. Kinachoazimwa ni kisanduku kitupu tu. Diski zenye taarifa za watu zisitoke nje ya afisi yenu.

Akiba si nakala

Kisanduku cha pili hukurudisha kazini upesi. Hakikukingi dhidi ya mwizi, moto, virusi au mfanyakazi aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Kwa hayo unahitaji nakala: kwa jumla nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Jaribu kufungua faili chache kutoka kwenye nakala hizo kila mwezi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia inawataka wanaohifadhi taarifa za watu wawe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati hitilafu inapotokea. Lakini hata bila sheria, aliyekuja na kijitabu chake cha akiba, au na mtoto mgonjwa mgongoni, hapaswi kuambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu ya ubao ulioungua.

Wiki hii, geuza adapta ya kihifadhi chako na usome volti zake. Ziandike. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza.