Kuku Wakifa Ghafula, Usikimbilie Sokoni

Huenda jambo hili limekwisha kukupata. Jioni umewafungia kuku wako 12, wote wazima. Asubuhi unafungua kibanda, wawili wamekufa na wengine wamejikunyata, mabawa yameanguka. Baada ya siku chache kibanda ni kitupu. Mmoja atasema ni sumu, mwingine atasema ni jicho baya la jirani. Lakini mara nyingi mwuaji ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengi huuita kideri. Umejulikana katika Kenya tangu mwaka 1935.

Dalili zake ni hizi: kuku huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, shingo hupinda na miguu hupooza. Wengine hufa kabla hujaona dalili yo yote. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Pilipili au shubiri katika maji haitamwokoa kuku aliyekwisha kuupata.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Mtu akiona vifo huwakamata upesi wale waliosalia akawauze. Lakini kuku aliyeambukizwa huweza kukaa siku 5 au 6, na pengine hata 15, kabla ya kuonyesha dalili. Basi huyo unayemwona mzima huenda anao tayari. Ukimwuza, umeuza ugonjwa. Na siku nyingine wewe nawe utanunua jogoo wa mtu aliyefanya vivyo hivyo.

Kuku wako wakianza kufa, fanya hivi:

1. Mpashe habari Afisa wa Mifugo siku ile ile. Yako magonjwa mengine yauayo ghafula, kama kipindupindu cha kuku na homa ya mafua ya ndege. Yeye atajua namna ya kuchunguza.

2. Usiuze, usigawe wala usichinje kuku wa kibanda hicho.

3. Mizoga ichome au izike katika shimo refu, mbwa wasiifukue. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

4. Usiende kwenye kuku wa jirani na viatu vile vile, wala usiazime tenga.

Kinga ni chanjo, nayo hutolewa kuku wakiwa wazima: tone 1 katika jicho moja, kwa vifaranga na majogoo pia, kila miezi 3. Nguvu yake huhitaji kama wiki 2. Dawa hiyo yataka baridi. Ibebe katika chupa ya chai yenye barafu, usiiache juani, na ikisha kuchanganywa itumike siku hiyo hiyo.

Pengine utasema, "Kuku wangu ni 12 tu, na chupa moja yatosha kuku 100." Ni kweli. Lakini katika skimu mashamba yetu yamepakana, na kuku hawajui mpaka. Basi shaurianeni majirani 8 au 10, mchange fedha, mchague siku moja na mchanje kuku wote alfajiri kabla hawajafunguliwa. Kuku mgeni naye atengwe wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kuku ni karo ya mtoto na kitoweo cha mgeni. Usingoje kifo cha kwanza ndipo uulize habari za chanjo.